Daftari la Mvua Ambayo Haikunyesha

Kengele ya shule ilikuwa ringi kuukuu ya gurudumu la lori, iliyoning'inizwa kwa mnyororo mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Ilipogongwa saa tatu asubuhi, darasa la sita liliendelea na hesabu za sehemu, isipokuwa msichana mmoja. Yeye alifunga daftari lake, akachukua ufunguo mdogo uliotundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, akatoka.

"Utuletee japo tone, Kipimo," mwenzake wa dawati alinong'ona. "Wewe utaliandika, mimi nitalilamba."

"Nyamaza, Redio. Mwalimu anakutazama."

Majina hayo hawakupewa na wazazi wao. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na mahali pa kumzimia. Aliweza kuiga sauti ya mtangazaji wa habari, ya mwenye duka akikataa kukopesha, na hata ya Spika wa Bunge akiwatuliza wabunge. Kipimo naye jina lake lilitokana na kazi. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu mkuu alimchagua kusoma kipimo cha mvua cha shule, kwa kuwa hati yake ilisomeka na hakuwa mtu wa papara.

Kipimo chenyewe kilikuwa kopo refu la bati, lenye mdomo wa faneli, lililosimikwa ndani ya uzio mdogo wa waya. Kazi haikuwa ngumu. Alifungua uzio, akainua faneli, akamimina maji yaliyomo katika kichupa cha kioo chenye mistari, akasoma mstari na kuandika milimita kwenye daftari la mvua. Tarehe, kiasi, sahihi. Kila mwisho wa mwezi mwalimu mkuu alitia sahihi yake chini ya ukurasa na kupeleka nakala wilayani.

Kwa miezi tisa sasa hakukuwa na cha kumimina. Kila asubuhi Kipimo aliokota nyuki waliokufa ndani ya faneli. Walikuwa wameingia kutafuta maji wakashindwa kutoka. Aliwaweka kwenye kiganja, akawahesabu, akawapuliza chini. Kisha aliandika sifuri.

Watu waliokutana naye njiani akirudi nyumbani hawakumwuliza habari za shule. Walimwuliza, "Kipimo, leo umetupimia nini?"

"Sifuri, mjomba."

"Haya. Sifuri nayo tumeipokea."

Walisema kwa kucheka, lakini kila wiki kicheko kilipungua. Pampu ya kisima cha kijiji ilikuwa imeharibika tangu mwaka juzi. Fundi alikuja mara moja, akaitazama, akaandika kitu kwenye karatasi, akaondoka na karatasi yake. Maji ya karibu yalikuwa katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, mwendo wa saa nne kwa miguu, na ukifika unapanga foleni ya madumu. Mbuzi walianza kufa mmoja mmoja. Baba yake Kipimo aliwachukua ng'ombe waliobaki akaenda nao mbali kutafuta malisho, na tangu aondoke haikuja salamu.

Siku moja alikuja mkaguzi kutoka wilayani. Mwalimu mkuu hakuwapo, alikuwa ameenda kuomba maji ya jiko la shule. Mkaguzi alikaa kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akalivuta daftari la mvua, akalifungua ukurasa baada ya ukurasa.

"Sifuri, sifuri, sifuri," alisema. "Nani anajaza hili?"

"Mimi, mwalimu," alijibu Kipimo, aliyekuwa ndiyo kwanza amelirudisha daftari ofisini.

"Unakwenda kupima kweli, au unakaa kivulini unachora mayai?"

Walimu wawili waliokuwamo ofisini walicheka, labda kwa kumwogopa mkaguzi. Kipimo alihisi masikio yakimwaka moto. Alitaka kusema habari za wale nyuki, lakini mkaguzi hakumngoja.

"Kazi isiyo na mabadiliko ni kazi ya mvivu," mkaguzi alisema, akafunga daftari. "Nikirudi nisikute hivi."

Wiki iliyofuata punda wa bibi yake Kipimo alianza kuchechemea. Punda huyo ndiye aliyebeba madumu ya familia. Mama hakuwa na njia nyingine.

"Mwanangu, kesho huendi shule," alisema. "Tutabeba mimi na wewe. Punda akipona utarudi."

Walikwenda siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Kipimo aliporudi shuleni, miguu imemvimba, alikuta visanduku viwili vitupu kwenye daftari la mvua. Mwalimu mkuu alikuwa na sheria moja tu kuhusu daftari lile, kwamba kisanduku kisiachwe wazi. Kipimo alishika kalamu. Angeweza kumwambia mwalimu mkuu kwamba hakuwapo. Angeweza kuandika sifuri. Lakini alimkumbuka mkaguzi, na mayai, na kile kicheko.

Akaandika nne.

Aliitazama ile nne. Ilikuwa nzuri. Kwa nukta moja alidhani anasikia harufu ya udongo uliolowa. Katika kisanduku cha pili akaandika mbili na nusu, kwa kuwa mvua haiwezi kulingana siku zote.

Uongo wa kwanza ulimlemea kama dumu la lita ishirini. Wa pili ulikuwa kikombe tu. Kwa miezi miwili, kila mara mama alipomchukua kwenda mtoni, Kipimo alirudi na kujaza visanduku vitupu kwa mvua aliyoitunga mwenyewe. Siku alizopima kweli aliandika sifuri. Mwalimu mkuu alitia sahihi chini ya ukurasa, mawazo yake yakiwa kwenye mapipa matupu ya jikoni, wala hakusoma.

Kisha akaja mbunge.

Watu walimwita Viatu Vumbi. Zamani alikuwa muuguzi wa zahanati, akitembea kwa miguu kutoka boma hadi boma kuchanja watoto, na hata baada ya kuchaguliwa aliliacha gari barabarani na kumalizia safari kwa miguu. Alikuja shuleni siku ya Jumatatu, akakaa kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakigusa mbao.

"Alhamisi nitasimama Bungeni," alimwambia mwalimu mkuu. "Nitaomba malori ya maji yaje mara moja, na pampu itengenezwe. Lakini kule hawataki machozi, wanataka karatasi. Mna nini kilichoandikwa?"

"Tuna daftari la mvua," mwalimu mkuu alisema kwa fahari. "Hakuna shule nyingine huku yenye daftari kama hili. Na mwenye kulijaza ni huyu."

Viatu Vumbi alimtazama Kipimo, akatabasamu. "Hujambo, mwanangu. Hebu niambie, ukifungua kile kikopo unakuta nini?"

"Shikamoo, mama. Nakuta nyuki."

"Nyuki?"

"Wanatafuta maji. Wanafia humo."

Mbunge hakutabasamu tena. Alifungua daftari, akapitisha kidole kwenye ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Sifuri tupu. Alilifunga kabla hajafika kurasa za mwisho. Kipimo alisimama pale. Palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa ndefu kiasi cha mtu kuvuta pumzi mara tatu, na aliivuta mara zote tatu akiwa kimya.

"Nitalipeleka lote lilivyo," Viatu Vumbi alisema. "Liseme lenyewe."

Alhamisi alasiri hapakuwa na masomo. Mwalimu mkuu aliweka redio yake dirishani, na nje yake walikusanyika wazazi, wanafunzi na mwenye duka. Bibi yake Kipimo aliletewa kiti. Baba yake Redio alisimama nyuma kabisa, mikono ameifunga kifuani. Mbuzi wake walikuwa wamebaki sita.

"Baba amesema malori yasipokuja tunahama," Redio alimnong'oneza Kipimo. "Lakini yatakuja. Ngoja umsikie Viatu Vumbi. Mimi nitamwiga mwezi mzima."

Sauti ya mbunge ilitoka redioni, tulivu kuliko walivyotarajia.

"Mheshimiwa Spika, tunaitwa watu wa pembezoni. Wananchi wangu waliniuliza, pembezoni mwa nini? Maana wao pale walipo ndipo katikati yao. Pale ndipo wanapozaliwa, na mwaka huu ndipo wanapofia. Mheshimiwa Spika, natoka mahali ambapo nyuki wanaingia kwenye kipimo cha mvua kutafuta maji, na wanafia humo. Msichana mmoja anawaokota kila asubuhi. Miezi kumi na moja hatujaona mvua."

Watu waligeuka kumtazama Kipimo. Mwenye duka alimpiga begani. "Umesikia? Umetajwa Bungeni, wewe."

Halafu ikasikika sauti nyingine, nzito, iliyoshiba.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika."

"Mheshimiwa Waziri," Spika alimruhusu.

"Napenda kumpa taarifa mheshimiwa anayezungumza. Daftari ameliweka mezani yeye mwenyewe. Nadhani hakulisoma hadi mwisho. Katika miezi miwili iliyopita, shule hiyo imepata milimita sitini na moja. Kwetu mimi, Mheshimiwa Spika, mkulima akipata sitini na moja anapanda. Labda mheshimiwa ana bahati mbaya, kila akienda kwao mvua inajificha."

Kicheko cha Bunge zima kilitoka kwenye redio ile ndogo, kikajaa uani. Nje ya dirisha hakuna aliyecheka. Walisikia karatasi zikifunuliwa haraka, kisha Viatu Vumbi akisema, "Mheshimiwa Spika... naomba..."

"Mheshimiwa," Spika alisema, "umelieleza Bunge miezi kumi na moja bila mvua. Daftari lako linasema vingine. Nakupa hadi Jumanne alasiri uthibitishe kauli yako, au uifute na kuomba radhi. Ukishindwa, hoja yako imeanguka. Tuendelee."

Mwalimu mkuu aliizima redio.

"Wamelichezea," mwenye duka alisema. "Wale wana kila aina ya kalamu."

"Ndiyo, wamelichezea," mwingine aliitikia. "Kipimo wetu hawezi kuandika upuuzi huo."

"Mjukuu wangu?" bibi alisema kutoka kwenye kiti chake. "Huyu hata akivunja kikombe huja na vigae mkononi kunionyesha."

Kipimo aliangalia vidole vya miguu yake. Angependa wamtukane. Kuaminiwa kulimchoma kuliko fimbo. Nyuma ya watu, baba yake Redio alifungua mikono, akageuka, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Jumamosi asubuhi Redio na familia yake waliondoka. Hawakuwa na mzigo mkubwa: sufuria tatu, mikeka, mdogo wake mgongoni mwa mama, na mbuzi watano, kwa kuwa wa sita alikuwa ameshindwa kusimama alfajiri ile. Redio alitoka kwenye msafara kumuaga mwenzake.

"Tunakwenda kwa shangazi, kule kwenye machimbo ya kokoto," alisema. "Baba ataponda mawe. Mheshimiwa Spika, naomba niliage dawati langu." Aliigiza sauti ya Bunge, lakini ilimkatika katikati.

"Ni mimi," Kipimo alisema.

"Wewe nini?"

"Niliandika mvua. Siku nilizokuwa mtoni na mama. Hawakulichezea daftari. Ni mimi."

Redio alimtazama. Kipimo alingoja neno lolote, hata baya. Halikuja. Yule ambaye hakuwa na mahali pa kumzimia alikuwa amezimika. Aligeuka, akakimbilia msafara wao, na hakutazama nyuma mpaka wakapotea kwenye vumbi.

Kipimo hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya mwalimu mkuu, akamkuta ameketi kizingitini akiziba dumu lililotoboka kwa plastiki iliyoyeyushwa. Alimwambia yote, tangu mkaguzi na mayai hadi zile pumzi tatu alizovuta mbele ya mbunge. Mwalimu mkuu aliliweka dumu chini.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulikuwa unakosa shule?"

"Ulikuwa na mambo mengi, mwalimu."

"Sahihi yangu iko chini ya kila ukurasa," mwalimu mkuu alisema. "Nilitia sahihi bila kusoma. Hata mimi sina pa kuificha sura yangu. Ingia ndani, tumpigie simu."

Viatu Vumbi alifika Jumapili mchana, vumbi hadi magotini. Alikuwa mtu aliyevunjika moyo. Walikutana darasani wanne tu: yeye, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa la sita na Kipimo. Msichana alisimama, akasema tena yale yale, safari hii mbele ya mtu aliyechekwa kwa ajili yake.

Mbunge hakumkaripia. Alijifunika uso kwa viganja. "Miaka mitatu nimeomba kupewa dakika kumi za kuwasemea," alisema. "Dakika kumi. Nimezipata, na sasa ninajulikana kama mama wa mvua inayojificha. Jumanne nitasema nini? Kwamba ushahidi wangu ni wa uongo kweli?"

"Tungeweza kusema karatasi zilichanganywa na za shule nyingine," mwalimu wa darasa alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna atakayejua."

"Watajua wanne tuliomo humu," Viatu Vumbi alijibu. "Njia ya mwongo ni fupi, mwalimu, na mimi nimekwisha kufika mwisho wake. Nikidanganya tena, siku nyingine nitakaposema watu wangu wana kiu, hata kiu hawataiamini."

Mbunge alilivuta daftari la mvua, ambalo Bunge lilimruhusu kuja nalo ili athibitishe kauli yake, safari hii akaanzia nyuma.

"Hapa. Milimita saba. Siku hii ulikuwa wapi?"

"Mtoni na mama. Tulitoka alfajiri tukarudi jioni, na dumu moja."

"Na hapa, nne?"

"Mtoni."

"Na hii tano?"

"Mtoni, mama. Zote nilikuwa mtoni. Siku nilizokuwapo shuleni niliandika sifuri."

"Nani anayejua kwamba hukuwapo?"

Kipimo alifikiri. "Mwalimu. Anatuita majina."

Mwalimu wa darasa aliinuka kama aliyechomwa mwiba. Alifungua kabati, akatoa daftari la mahudhurio. Alikuwa na desturi yake ndogo ambayo hakuna aliyewahi kumwagiza. Mwanafunzi asipokuja, aliwauliza wenzake sababu, akaiandika kwa kalamu nyekundu pembeni ya jina, kwa herufi ndogo ndogo. Waliyalaza madaftari mawili mezani, moja kando ya jingine, wakatafuta tarehe ya milimita saba.

Upande wa kushoto: mvua, saba. Upande wa kulia: wanafunzi kumi na saba hawapo. Pembeni ya kila jina neno moja jekundu. Maji. Maji. Maji. Maji.

Walifunua tarehe nyingine, na nyingine. Kadiri Kipimo alivyoandika mvua nyingi, ndivyo darasa lilivyokuwa tupu. Kwenye majina fulani neno jekundu lilibadilika katikati ya mwezi likawa "wamehama", na baada ya hapo mstari uliendelea mweupe hadi mwisho wa ukurasa. Viatu Vumbi aliyasoma majina hayo kwa kidole, bila sauti. Wengine alikuwa amewachanja kwa mkono wake.

"Mwanangu," alisema, "utaniandikia barua?"

Jumanne alasiri dirisha lilikuwa na watu wachache. Wengi hawakutaka kusikia wakichekwa mara ya pili. Lakini bibi alikuja, mjukuu wake amekwisha kumweleza nyumbani, akakaa kwenye kiti kile kile.

"Mheshimiwa Spika," Viatu Vumbi alisema redioni, "kwanza naomba radhi. Niliweka mezani daftari ambalo sikulisoma hadi mwisho. Lina makosa. Aliyeyaandika ana umri wa miaka kumi na miwili, na amenituma niisome barua yake."

Karatasi ilikwaruza.

"'Mheshimiwa Spika, shikamoo. Mimi ndiye niliyeandika mvua. Haikunyesha. Niliona haya kuandika sifuri kila siku kwa sababu niliambiwa ni uvivu. Siku hizo sikuwapo shuleni, nilikwenda kutafuta maji. Mbunge wetu hakudanganya. Naomba asiadhibiwe. Rafiki yangu amekwisha kuhama, kwa hiyo kama malori yatakuja, yawahi wengine.'"

Hapakuwa na kicheko. Mbunge aliendelea, akasoma tarehe moja moja kutoka madaftari yote mawili: siku fulani, milimita tano, watoto kumi na wanne wako njiani na madumu. Siku fulani, milimita nane, watoto kumi na tisa. Alisoma bila kupaza sauti, kama mwalimu anayeita majina. Alipomaliza, Spika alimwuliza Waziri kama ana taarifa.

"Sina taarifa, Mheshimiwa Spika," Waziri alisema.

Hoja ilipita. Uani hakuna aliyeshangilia. Mwenye duka alivua kofia akajifuta uso, na mwalimu mkuu akasema, "Haya," kisha akaizima redio. Bibi aliunyosha mkono, akamshika mjukuu wake kwenye kifundo cha mkono.

"Vigae umevileta," alisema. "Umechelewa, lakini umevileta."

Malori hayakuja kesho yake. Yalikuja baada ya siku kumi na tisa. Katika siku hizo familia nyingine nne zilihama, na punda wa bibi alilala nyuma ya nyumba asiinuke tena. Malori matatu yalipotokea yakitetemeka kwenye barabara ya mawe, watoto walipanga madumu kwa utulivu ambao watoto hawapaswi kuwa nao. Nyuma ya malori alikuja fundi wa pampu, safari hii na vyuma badala ya karatasi.

Asubuhi iliyofuata mwalimu wa darasa aliita majina. Alipofika kwa Redio alisita, kalamu nyekundu ikiwa hewani, kisha akaliruka jina lake. Saa tatu kengele ililia. Kipimo alichukua ufunguo, akamkuta mwalimu mkuu anamngoja kwenye uzio na daftari la mvua, lililorudishwa kutoka Bungeni likiwa na mhuri kwenye jalada.

"Nilidhani utampa mwingine kazi hii, mwalimu."

"Nilifikiri hivyo. Kisha nikaona kwamba wewe sasa unaijua kuliko yeyote." Alilifungua kwenye kurasa za miezi miwili. "Usifute. Piga mstari mmoja tu juu ya kila mvua ya uongo, andika pembeni 'sikuwapo', utie sahihi. Kosa lionekane, na mwenye kulisahihisha aonekane. Mimi nitatia yangu chini, na leo nitasoma kwanza."

Kipimo alipiga mistari. Alianza na ile nne ya kwanza.

"Mwalimu, kama nisingeandika vile, Redio angekuwapo?"

Mwalimu mkuu angeweza kumdanganya kwa huruma. Hakumdanganya. "Huenda angekuwapo. Malori yangeidhinishwa siku tano mapema, na baba yake alikuwa akisubiri. Maji yakimwagika hayazoleki, binti yangu, wala sitakuambia vinginevyo. Lakini sikiliza. Uliona haya kwa sababu ya sifuri, ukadhani haisemi kitu. Kumbe zile sifuri ndizo zilizokuwa zikitupigia kelele, na wewe ukaziziba mdomo ili uonekane mchapakazi. Mtu mnyonge hana fedha wala silaha. Ana ukweli wake tu. Akiuchafua kwa mkono wake mwenyewe, hata mwenye nia ya kumtetea hatakuwa na cha kushika. Andika unachokiona, hata kikiwa kinauma. Na ukishindwa kuona, sema hukuona."

"Nimesikia, mwalimu."

Aliinua faneli. Ndani mlikuwa na nyuki watatu. Aliwaweka kwenye kiganja, akawapuliza chini, akaandika sifuri, tarehe na sahihi. Aliiandika polepole, akahakikisha duara limefunga.

Kisha alitoa mfukoni kifuniko cha dumu, akakijaza maji ya lori kutoka kwenye chupa yake, akaweka kijiwe katikati ili mdudu apate pa kukanyaga. Alikiweka chini, nje ya uzio, hatua nyingi mbali na kipimo, ili hata tone moja lisije likahesabiwa kuwa mvua.